Ari inapopungua katikati ya mwaka: mwongozo kwa mtu mzima anayejiandaa na mtihani

Kila mwanzo wa mwaka, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unapofunguliwa, vituo vya masomo ya jioni katika miji ya Tanzania hujaa watu wazima wenye kaunta buku mpya mikononi: fundi cherehani aliyeishia darasa la saba na sasa anataka kufanya Mtihani wa Maarifa (QT), ule unaomfungulia mtu njia ya kufanya wa kidato cha nne, mlinzi anayerudia kidato cha nne kwa ajili ya alama za Hisabati, mama lishe aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Ifikapo Juni viti vingi huwa wazi, ilhali mtihani wenyewe ni Novemba. Walioondoka hawakuamua siku moja kwamba wanaacha. Walikosa kipindi cha kwanza kwa sababu ya mvua, cha pili kwa sababu ya msiba, na cha tatu kwa sababu ya aibu ya kukosa vile viwili.

Mwongozo huu unamhusu mtu huyo anayesoma huku akifanya kazi na kulea, ambaye hana mwalimu wa zamu wa kumfuatilia wala kengele ya kumwamsha. Maoni yangu ni kwamba ari ya Januari haina uwezo wa kumfikisha mtu Novemba, na hakuna sababu ya kuidai ifanye hivyo. Mpango wa kusoma unapaswa kujengwa kwa kuiangalia siku yako mbaya kabisa ya juma, kisha siku nzuri zitajiongeza zenyewe.

Ari ya mwanzo huenda wapi

Watu wengi hueleza kupungua kwa ari yao kwa kusema ni uvivu, na wakishajipa jina hilo hawabakiwi na cha kurekebisha isipokuwa kujilaumu. Maelezo hayo hayafai. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati hawezi kuitwa mvivu kwa kuwa alisinzia juu ya kitabu cha Bayolojia saa tatu usiku. Tena, kulegea katikati ya kazi ndefu ni jambo lenye sababu ambazo watafiti wamezichunguza kwa miaka mingi.

Sababu ya kwanza ni kwamba ari ya mwanzo hulishwa na upya wa jambo. Wolfram Schultz na wenzake, waliochunguza ubongo wa tumbili katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, huitikia kwa nguvu zawadi isiyotarajiwa, lakini zawadi hiyohiyo ikishazoeleka na kutabirika, kufika kwake hakuziamshi tena. Binadamu anayesoma ana mengi kichwani kuliko tumbili anayengoja tone la maji ya matunda, kwa hiyo utafiti huo usibebeshwe kila kitu. Hata hivyo unasaidia kuelewa kwa nini ukurasa wa kwanza wa Jiografia ulikusisimua, na ukurasa wa mia moja na ishirini, ulioandikwa na mwandishi yuleyule, hauna ladha.

Sababu ya pili ni katikati yenyewe. Mwaka 2011 Andrea Bonezzi, Miguel Brendl na Matteo De Angelis walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hujitahidi zaidi wanapokuwa karibu na mwanzo au karibu na mwisho wa kazi, na hulegea katikati. Mwanzoni mtu hujipima kwa kile alichokwisha kufanya, na kila hatua huonekana kubwa kwa kuwa zilizotangulia ni chache. Mwishoni hujipima kwa kilichobaki, na kila hatua huonekana kubwa tena. Lakini katikati hatua moja ni ndogo, uipime kutoka upande wowote. Kwa mtahiniwa wa Novemba, katikati hiyo ni Mei, Juni na Julai, miezi ambayo kwa familia nyingi ndiyo ya kuvuna na kulipa madeni ya msimu.

Sababu ya tatu ni kusahau. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aligundua kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, na baada ya hapo upotevu huenda polepole. Anayesoma mada ya Januari bila kuirudia huifungua Mei akakuta ni kama hakuwahi kuisoma. Hapo hujiambia kwamba kichwa chake kimezeeka, na hitimisho hilo humvunja moyo kuliko ugumu wowote wa mada.

Tafuta kwanza ni nini hasa kilichopungua

Kabla ya kujilazimisha kurudi kwenye vitabu, chukua karatasi na uandike mara tatu za mwisho ulizopanga kusoma na hukusoma. Usiandike sababu bado. Andika saa uliyopanga, ulichokuwa unafanya katika saa iliyotangulia, somo na mada iliyokuwa ikikungoja, na ulichofanya badala yake. Kazi hii huchukua dakika kumi, na mara nyingi matukio hayo matatu huonyesha mkondo mmoja ambao huwezi kuuona ukiwa umekaa unajilaumu.

Ukikuta kwamba zote tatu zilikuwa usiku baada ya kazi nzito, tatizo ni uchovu, na dawa yake ni kuhamisha saa. Ukikuta kwamba kila ulipokwepa somo lilikuwa ni lilelile, umekwama mahali. Ukikuta kwamba ulisoma vizuri ulipokuwa peke yako lakini ukakwepa kila jaribio la kupimwa, unaogopa. Hofu hiyo ni ya kawaida kwa aliyewahi kupata sifuri, na hupungua kwa kupimwa mara nyingi katika mambo madogo. Lipo pia jambo ambalo mwongozo wa masomo hauliwezi: mtu ambaye kwa zaidi ya wiki mbili amepoteza hamu ya karibu kila kitu, chakula, watu na shughuli alizozipenda, huku usingizi wake ukiwa umeharibika, asihangaike na ratiba, aende kituo cha afya akaeleze hali hiyo kama ilivyo.

Kukwama kunastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiko kunakojificha zaidi nyuma ya maneno kama "sina mudi ya kusoma". Mfikirie fundi cherehani anayefungua mada ya logarithimu na kukutana na swali la logarithimu ya 32 katika kizio cha 2. Anaisoma kanuni mara tatu, haoni kitu, anafunga kitabu, na kesho yake anakuta ana kazi nyingi za wateja. Baada ya wiki mbili anasema ari imeisha. Ukweli ni kwamba hakuna ari yoyote ambayo ingemvusha pale, kwa kuwa alichokosa kipo nyuma, katika mada ya vipeo, na huko ndiko anakopaswa kurudi. Mtu anayekata nguo anajua kwamba kitambaa kikikunjwa mara moja huwa tabaka 2, kikikunjwa tena huwa 4, kisha 8, kisha 16, na kikikunjwa mara ya tano huwa tabaka 32. Hicho ndicho kipeo, 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Swali la logarithimu linauliza kinyume chake tu: ili zipatikane tabaka 32, kitambaa kikunjwe mara ngapi? Jibu ni 5. Anayelifikia jibu hilo kwa mikono yake hufungua ukurasa unaofuata bila kuhitaji kusukumwa.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba mada iliyokukwamisha vipindi viwili mfululizo isipewe kipindi cha tatu kwa njia ileile. Rudi nyuma hatua moja, utafute mada ambayo hiyo inaitegemea, na uifanyie mazoezi jioni mbili au tatu. Ikishindikana, mpelekee mtu anayeijua swali moja mahususi, si malalamiko ya jumla kwamba Hisabati ni ngumu. Katika masomo ya maelezo, kikwazo mara nyingi ni Kiingereza cha swali lenyewe. Mama lishe anayeweza kueleza kwa Kiswahili namna chakula kinavyosagwa tumboni huacha swali tupu kwa kuwa hakuelewa anaagizwa nini. Maneno ya kuagiza, yale yanayomtaka mtahiniwa ataje, aeleze, alinganishe au afafanue, ni machache na hurudiwa kila mwaka. Ukurasa mmoja wa daftari unayatosha, na kuyajua kwa moyo huondoa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kukata tamaa.

Sababu iliyo yako

Edward Deci na Richard Ryan, ambao wameitafiti ari ya binadamu tangu miaka ya 1970, wanasema kwamba ari hudumu pale mtu anapohisi mambo matatu: kwamba uamuzi ni wake, kwamba anaimudu kazi, na kwamba hayuko peke yake. La kwanza ndilo linalosahaulika zaidi. Wapo wanaosoma kwa kuwa kaka aliyewalipia ada amesema wasome, au kwa kuwa shemeji aliwadharau mbele ya watu kwenye shughuli ya ndoa. Sababu za namna hiyo huwasha moto haraka, lakini kila unapochoka hukukumbusha mtu mwingine badala ya kukukumbusha unachokitaka.

Sisemi kwamba sababu ya fedha ni duni, kama baadhi ya wahamasishaji wanavyopenda kuhubiri. Mlinzi anayetaka cheti ili aombe nafasi ya usimamizi ana sababu nzuri kabisa, mradi ameipima mwenyewe na kuikubali. Kinachotakiwa ni kuiandika kwa namna inayoweza kuonekana. "Nataka kujiendeleza" haionekani. "Nataka kuusoma mwenyewe mkataba wa kodi ya kibanda kabla ya kutia sahihi" inaonekana, na jioni ambayo mwenye nyumba analeta karatasi mpya huipa nguvu upya. Iandike ndani ya jalada la kaunta buku, uisome kila mwisho wa mwezi, na ubadilishe maneno ikiwa maisha yamebadilika.

Mfano unaojulikana Afrika Mashariki nzima ni wa Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyejiandikisha darasa la kwanza Januari 2004 katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi mwaka uliotangulia. Husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, lakini kwa anayesoma akiwa mtu mzima lenye mafunzo zaidi ni sababu yake ndogo na dhahiri: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe bila kutegemea tafsiri ya mhubiri. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa kwake na kumpeleka kambini. Mwaka 2008 alikuwa Nairobi, ameandikishwa tena darasa la sita katika shule nyingine. Mtu ambaye sababu yake ingekuwa kupigiwa makofi asingekuwa na la kurudia shuleni, kwa maana makofi yalikwisha kupigwa.

Panga kwa ajili ya siku mbaya

Kila mtu anayejipangia ratiba huipanga akiwa ametulia, Jumapili jioni, ameshiba. Ratiba hiyo husema saa mbili kila siku, na Jumanne ya kwanza yenye foleni ya daladala huivunja. Badala yake, jiwekee vipimo viwili. Kipimo cha siku nzuri kinaweza kuwa saa moja na nusu. Kipimo cha siku mbaya kiwe kidogo kiasi kwamba unaweza kukitimiza ukiwa umechoka, umeme umekatika na mtoto ana homa: maswali mawili ya mtihani wa miaka iliyopita, au nusu ukurasa uliokwisha kuusoma uufunge na uueleze kwa maneno yako. Siku mbaya ukitimiza kipimo kidogo, siku hiyo imehesabiwa kamili. Usijidai deni.

Kipimo hicho kifungwe kwenye tukio ambalo hutokea kila siku hata usipotaka. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1999, alionyesha kwamba nia ya jumla ya kufanya kitu hutekelezwa mara chache kuliko nia iliyofungwa kwenye mahali na wakati kwa muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile". Mama lishe aandike: "Nikishaosha sufuria za mchana, kabla sijahesabu mauzo, nitakaa kwenye benchi la wateja nifanye maswali mawili ya Hisabati." Mlinzi aandike: "Nikitoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, baada ya chai na kabla ya kulala, nitasoma ukurasa mmoja wa Historia." Tazama kwamba sentensi hizo hazitaji saa ya ukutani peke yake, zinataja sufuria, benchi na chai, vitu vilivyopo tayari.

Usitarajie jambo hilo liwe mazoea kwa wiki tatu, kama inavyosemwa mara nyingi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga zoea moja dogo la kila siku, na wakakuta kwamba ilichukua takriban siku 66 kwa wastani kabla kitendo hakijaanza kujiendesha chenyewe, huku tofauti kati ya watu ikiwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha kuonekana. Habari hiyo ya pili ina thamani kuliko ya kwanza, kwa sababu wengi huacha kabisa kwa kuamini kwamba siku moja waliyoikosa imebomoa yote.

Hapa niseme neno juu ya klipu za hamasa zinazosambazwa kwenye simu, zile za muziki mzito na sauti ya mtu anayefoka kwamba wewe ni simba. Hazina ubaya kwa dakika mbili. Ubaya wake ni kwamba zinatoa hisia ya kuwa umeanza, na anayezitazama kwa nusu saa kabla ya kusoma ameitumia nusu saa aliyokuwa nayo. Methali ya "penye nia pana njia" nayo hutumiwa vibaya kwa namna hiyohiyo, kumpiga nayo mtu ambaye nia anayo tele na anachokosa ni meza, taa na dakika ishirini za utulivu.

Fanya maendeleo yaonekane

Kwa kuwa katikati ya mwaka hatua huonekana ndogo, fupisha katikati. Gawa miezi iliyobaki katika vipande vya wiki nne, kila kipande kikiwa na mada chache za masomo yasiyozidi matatu, na kila mwisho wa kipande ufanye jaribio moja lenye saa maalumu. Kwa njia hiyo, siku yoyote ile, ama mwanzo ama mwisho wa kipande hautakuwa mbali nawe kwa zaidi ya siku kumi na nne.

Katika kurasa za mwisho za kaunta buku chora safu tatu: mada, tarehe, na alama ulizopata bila kuangalia kitabu. Usiandike saa ulizosoma. Saa hudanganya, kwani mtu anaweza kukaa mbele ya kitabu tangu magharibi hadi saa nne usiku na asiondoke na chochote. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliorudia kusoma andiko walikumbuka zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele, na kwa tofauti kubwa. Kurudia kusoma hutia moyo kwa haraka kwa sababu maneno yanaonekana mepesi. Kujipima huudhi kwanza, halafu hukupa ushahidi. Mada ya Januari ambayo Machi ilikupa alama 3 kati ya 10 na Juni ikakupa 6 haihitaji mtu wa kukusifu.

Kila mada irudiwe kwa kujipima baada ya siku chache, kisha baada ya wiki moja au mbili, kisha baada ya mwezi. Marudio matatu mafupi yanatosha kwa mada nyingi, na ndiyo yanayoondoa ule mshtuko wa Mei wa kukuta kila kitu kimefutika.

Usisome peke yako moja kwa moja

Tanzania ina kumbukumbu nzuri katika hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio: kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu, walisikiliza kipindi, walisoma, walijadiliana, kisha walikubaliana kufanya jambo moja la kuonekana, kama kuchimba choo au kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Vikundi hivyo havikutegemea uhodari wa mtu mmoja mmoja. Vilitegemea siku maalumu, mahali maalumu, na jirani anayejua kwamba ulisema utachimba.

Kikundi cha watu watatu au wanne wanaojiandaa na mtihani mmoja kinaweza kufuata muundo uleule. Wakutane mara moja kwa wiki, kila mmoja aje na swali moja alilolifanya na moja lililomshinda, na kabla ya kuondoka kila mmoja ataje kwa sauti mada atakayokuja nayo wiki ijayo. Kikundi cha WhatsApp hakitoshi. Baada ya mwezi hujaa salamu za Ijumaa na matangazo ya vitenge, na anayekosa haonekani kwamba amekosa. Kikundi kikubwa cha ana kwa ana nacho hugeuka kuwa darasa, mmoja akifundisha na wengine wakiandika tu.

Walio nyumbani nao waambiwe, na waombwe jambo mahususi. Kumwambia mumeo au dada yako "naomba mnisaidie nisome" hakumwambii afanye nini. Mwambie: "Mwenzangu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia isha mpaka saa tatu na nusu, naomba watoto wawe nawe." Ombi la namna hiyo hukubaliwa au hukataliwa waziwazi, na likikataliwa unajua mapema kwamba utafute siku nyingine.

Juu ya kujizawadia, kuwa mwangalifu. Deci, katika jaribio lake la mwaka 1971, aliwalipa wanafunzi kwa kufumbua mafumbo waliyokuwa wakiyafurahia. Malipo yalipoondolewa, walitumia muda mchache zaidi kuyachezea kuliko awali. Soda baada ya jaribio la mwisho wa mwezi haina neno, ila somo unalolipenda tayari liache lijilipe lenyewe.

Ukishakatika

Mwezi wa Ramadhani, mavuno, msiba wa siku kadhaa, ugonjwa: katika mwaka mmoja lazima kitu kimojawapo kikukatize, na mpango usiotarajia kukatizwa si mpango. Unaporudi, usianze kwa kufidia. Anayejaribu kusoma wiki tatu alizozikosa kwa wiki moja huchoka kufikia Alhamisi na kuondoka kwa mara ya pili, na mara hiyo ya pili ndiyo ngumu kurudi. Futa deni lote, chagua siku yenye alama ya mwanzo, kama Jumatatu, tarehe mosi au siku ya kwanza baada ya Idi, kwa kuwa watu huona wepesi zaidi kuanza upya katika siku za namna hiyo, jambo ambalo Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walilithibitisha mwaka 2014. Kipindi cha kwanza kiwe cha mada unayoiweza. Kipimo cha siku mbaya kitumike kwa wiki nzima, hata ukijisikia una nguvu.

Ikiwa umekatika kwa muda mrefu, punguza mzigo kabla hujapunguza matumaini. Anayerudia mtihani kwa ajili ya kupandisha alama anaweza kuelekeza nguvu kwenye somo moja au mawili ambayo yanafungua mlango anaoutaka, na kuyaacha mengine yalivyo. Kuahirisha hadi mwaka unaofuata nako ni uamuzi halali, mradi uwe uamuzi: uandike, pamoja na mada ulizokwisha kuzimudu na alama zake, ili utakapoanza tena usianzie ukurasa wa kwanza.

Kuanzia mwishoni mwa Septemba hali hubadilika, na ari hurudi kwa wengi bila kuitwa. Mwanasaikolojia Clark Hull aliliona jambo hilo kwa panya katika miaka ya 1930: walikimbia kwa kasi zaidi kadiri walivyokaribia chakula. Hatari ya kipindi hiki ni tofauti na ya Juni, kwani mtu huanza kukesha, hukusanya vitabu vipya, na hujaribu kumeza mada ambazo hakuzigusa mwaka mzima. Usingizi ndio unaoimarisha kilichosomwa, kwa hiyo usikatwe. Wiki za mwisho zitumike kufanya pasti pepa nzima kwa saa tatu bila kusimama, kwa kalamu ileile utakayoingia nayo chumbani, angalau moja kwa kila somo. Mada ambayo bado haijaguswa Oktoba inapokaribia kwisha iachwe, na muda wake upewe maswali ambayo tayari unayapata nusu, kwa sababu alama zake ziko karibu zaidi.